Kiti Kitupu Bwaloni: Huduma kwa Wanafunzi katika Chuo Kidogo

Mwishoni mwa likizo ndefu nilikuwa nyumbani Ihumwa nikisaidia shughuli za parokia. Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa akiwa na bahasha mkononi. Binti yake alikuwa amechaguliwa kujiunga na chuo kidogo cha binafsi, na fomu ya kujiunga ilikuwa imeshafika. "Frateri, wewe ndiye msomi wetu," akaniambia. "Hebu nisomee. Hiki chuo ni kizuri?"

Tukakaa kwenye kivuli cha mwarobaini, tukaisoma pamoja. Ilikuwa na kurasa sita. Nne zilihusu ada: kiasi, akaunti ya benki, tarehe za awamu na adhabu ya kuchelewa. Mmoja ulihusu mavazi na nidhamu. Wa mwisho ulikuwa orodha ya vitu vya kuja navyo: godoro, ndoo mbili, fagio, jembe, rimu ya karatasi. Hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema binti akikosa nafasi bwenini atalala wapi, jioni atakula nini, au akiugua usiku wa manane atamgongea nani mlango.

Nilimjibu kwamba chuo kimesajiliwa na kozi inatambulika. Ilikuwa kweli, lakini alikuwa ameuliza jambo kubwa kuliko hilo. Makala hii ni jaribio la kumjibu vizuri zaidi, yeye na wazazi wengine wanaotafuta ada wakati huu, pamoja nanyi vijana mnaojiandaa kuanza chuo.

Huduma kwa wanafunzi ni nini?

Tukisikia neno chuo tunafikiria kwanza darasa: mkufunzi, mtaala, mtihani. Mambo hayo yana msimamizi. Chuo cha kati kinachotoa cheti na stashahada husajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET), na mzazi anaweza kuhakiki usajili huo kwenye tovuti ya Baraza kabla ya kutoa hata shilingi moja. Hiyo ni hatua ya kwanza, na isirukwe.

Lakini mwanafunzi hukaa darasani saa chache tu kwa siku. Saa zinazobaki analala, anakula, anafua, anaugua, anadaiwa, anapata marafiki, anakata tamaa, anasali au anaacha kusali. Yote ambayo chuo hufanya ili saa hizo zisimwangushe ndiyo tunayoita huduma kwa wanafunzi: malazi, chakula, maji, matibabu, maktaba, ushauri, michezo, serikali ya wanafunzi na malezi ya kiroho.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba neema haiyafuti maumbile ya mtu, huyakamilisha. Sisi wanafalsafa hulijadili jambo hilo kwa maneno mazito. Bwenini lina maana nyepesi: mtu ambaye hajala tangu jana huwezi kumfundisha mantiki.

Kwa nini chuo kidogo kina ugumu wake

Hapa Dodoma tuna vyuo vya kila ukubwa. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, kikajengewa mabweni na mabwalo yake juu ya vilima. Mwaka huohuo Kanisa Anglikana lilianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika majengo ya iliyokuwa Sekondari ya Mazengo. Kwa upande wetu Wakatoliki, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kilichoanza mwaka 1998 kule Mwanza kilikaa Nyegezi, mahali ambapo tangu mwaka 1960 palikuwa na taasisi ya mafunzo ya kijamii. Vyuo vya namna hii vilirithi makazi ya watu: mahali pa kulala, jiko na uwanja. Hata vilipokuwa bado vichanga, vilikuwa na pa kuanzia.

Chuo kidogo cha leo kwa kawaida hakirithi kitu. Kinaanza na madarasa mawili matatu, ofisi na choo. Bweni linakuja baadaye likija, na bwalo ni turubai au mama ntilie aliye nje ya geti. Ada ndiyo mapato yake karibu yote, hivyo wanafunzi wakichelewa kulipa, chuo nacho kinachelewa kulipa umeme, maji na mishahara. Wenye vyuo wengi si watu wabaya. Wanaendesha chuo kwa fedha inayoingia mwezi huo, na linapokuja suala la kupunguza matumizi, huduma kwa wanafunzi huwa ya kwanza kuguswa kwa sababu haimo kwenye ratiba ya vipindi.

Ihumwa ya leo

Mahali napo pana mchango wake. Wazee wetu waliijua Ihumwa kama stesheni ya Reli ya Kati, kambi ya jeshi na mashamba ya mtama na uwele. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, upande huu wa mashariki kwenye barabara ya Morogoro ulibadilika haraka. Mji wa Serikali umejengwa jirani zetu Mtumba, imekuja bandari kavu, na barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inapita hapa. Viwanja vilivyokuwa vya karanga sasa vina nyumba za kupangisha.

Kwa mwanafunzi hii ina maana kwamba anagombea chumba na mtumishi wa serikali na fundi wa ujenzi, na wote wawili wana kipato. Mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mwanafunzi aliyekosa bweni hupanga geto mbali zaidi, ndani ndani kuelekea kwenye mashamba, akalala watatu chumba kimoja na kutembea asubuhi na jioni.

Kisha kuna maji. Dodoma ni nchi kame. Mvua zetu huanza Desemba na kukoma Aprili, na jiji tangu zamani limetegemea sana visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Mwezi wa tisa na wa kumi, vumbi likiwa juu na bomba likitoka kwa zamu, chuo kisicho na tanki kubwa kinawaachia wanafunzi kazi ya madumu. Anayetumia saa mbili kutafuta maji amezitoa kwenye usingizi au kwenye masomo. Ndiyo maana mtu akiniuliza chuo fulani kina nini, siku hizi nauliza kwanza ukubwa wa tanki.

Fedha, chakula na matibabu

Wengi wanadhani kila mwanachuo hupata bumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005 kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi kwa wanaopata mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ilianza pia kuwakopesha wanafunzi wa stashahada, lakini katika fani za kipaumbele tu, zikiwemo afya na kilimo. Anayesoma fani iliyo nje ya orodha hutegemea mfuko wa mzazi, na mfuko wa mzazi wa kanda yetu hutegemea alizeti, zabibu na mbuzi.

Chakula ndicho kinachoonyesha mapema kwamba fedha imekwisha. Ada inaweza kudaiwa kwa miezi, kodi inaweza kuombewa subira, lakini tumbo linauliza kila siku. Mwanafunzi anaanza kwa kuacha chai ya asubuhi. Halafu anahamia kwenye mlo mmoja, ugali na mlenda saa kumi jioni, ili uende mpaka kesho. Halafu anakopa kwa mama ntilie. Deni likikua anabadilisha njia ili asipite mbele ya kibanda chake. Chuo chenye bwalo, hata la mabati, linalouza chakula kwa tiketi za mwezi mzima kinamsaidia kwa njia mbili: fedha ya chakula hailiki kwenye mambo mengine, na asipofika mezani kuna watu wa kuligundua.

Kwenye matibabu, kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya umekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ukikusanywa kupitia chuo. Hapo pana jambo la kuangalia. Mzazi hulipa mwezi wa kumi akiamini mtoto ana bima, lakini chuo kikichelewa kuwasilisha orodha na fedha, mwanafunzi anaweza kukaa wiki nyingi bila huduma. Usiridhike na risiti. Uliza: bima itaanza kutumika lini, na mpaka siku hiyo mgonjwa anapelekwa wapi kwa gharama ya nani?

Mwenzangu wa chumba

Sasa niseme la kwangu. Kabla ya kuingia seminari nilisoma stashahada katika chuo kimoja cha binafsi, kidogo, katika kanda hii ya kati. Sitakitaja. Tulikuwa wachache kiasi kwamba mkuu wa chuo aliweza kutuita wengi wetu kwa majina.

Mwaka wa kwanza nilipanga geto na mwenzangu mmoja kutoka kijijini. Alikuwa na akili kuliko mimi, na hesabu nyingi alinifundisha yeye usiku. Muhula wa pili mvua ziliwakatikia nyumbani kwao, na baba yake akaacha kutuma fedha. Hakuniambia. Nilianza kuona anachelewa kurudi jioni na kusema ameshakula mjini. Nilijua hajala. Nami nilikuwa na kidogo, nikaogopa kwamba nikimuuliza itanibidi nigawane naye mwezi mzima. Sikumuuliza.

Kabla ya mitihani, majina ya wanaodaiwa yalibandikwa ubaoni na jina lake lilikuwemo. Juma lililofuata nilirudi chumbani nikakuta amekunja godoro lake na kuondoka. Chuo hakikumtafuta. Mwezi mmoja baadaye jina lake lilikuwa halisomwi tena darasani, na maisha yakaendelea.

Likizo hii nimekutana naye Mtumba kwenye jengo, ni saidia fundi. Alifurahi kweli, akaniita Frateri kwa utani, tukanunua miwa tukakaa. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema andika ila usiweke jina langu. Nilimuuliza kwa nini hakuahirisha masomo. Akaniuliza kuahirisha ndiyo nini.

Nikamweleza. Katika vyuo vyetu mwanafunzi mwenye sababu ya msingi, kama ugonjwa, uzazi au kukosa ada, anaweza kuandika barua kwa uongozi kuomba kuahirisha masomo, mara nyingi kwa mwaka mmoja. Akikubaliwa, nafasi yake inabaki na matokeo yake ya nyuma yanahifadhiwa. Akirudi anaendelea alipoishia. Anayeondoka bila barua huhesabiwa ametoroka masomo, na mara nyingi hulazimika kuomba upya na kuanza mwanzo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ningeandika," akasema. Kisha akaniuliza polepole, bila hasira, "Wewe ulijua?"

Nilijua. Tangazo la kuahirisha masomo lilikuwa kwenye ubao uleule wa majina ya wadaiwa, upande wa kushoto, na nilikuwa nimelisoma.

Udogo unaweza kuwa faida

Nimelifikiria jambo hili nikilinganisha na tunavyoishi seminarini. Seminari nayo ni chuo kidogo, na haina utajiri. Maji yanakatika, maharage ni yaleyale, intaneti inasumbua. Lakini bwaloni kila mtu ana kiti chake. Frateri asipofika chakula cha jioni, mkuu wa meza anauliza kabla sahani hazijaondolewa, na mmoja anatumwa chumbani. Akiwa mgonjwa, mwenzetu anayesimamia wagonjwa anaarifiwa usiku huohuo. Akiwa na jambo zito, kuna baba wa kiroho ambaye hatoi alama wala haketi kwenye kikao cha kumhukumu. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wa kitume *Pastores Dabo Vobis* wa mwaka 1992, alitaja nyanja nne za malezi ya mseminari: ya kiutu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji. Aliitanguliza ile ya kiutu kama msingi wa nyingine zote.

Wazo hili halihusu mapadre watarajiwa peke yao. Mwaka 1854 John Henry Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, alifungua Chuo Kikuu Katoliki jijini Dublin, Ireland. Wanafunzi walikuwa wachache na fedha ilikuwa ya shida. Aliwapanga waishi katika nyumba ndogondogo, kila nyumba ikiwa na mlezi wake, na nyumba moja aliisimamia yeye mwenyewe ingawa ndiye alikuwa gombera wa chuo kizima. Aliamini kwamba vijana wanaoishi pamoja chini ya malezi hujifunza mengi ambayo mtihani peke yake hauwezi kuwapa.

Aristotle naye, katika kitabu chake cha maadili, ametumia vitabu viwili kati ya kumi kueleza urafiki. Anasema marafiki hawawezi kufahamiana kabla hawajala chumvi pamoja. Mtu wa Ihumwa haihitaji Ugiriki kuelewa hilo.

Chuo kidogo kina nafasi hii mkononi. Chuo chenye maelfu kinahitaji ofisi nzima ili kumtambua mwanafunzi mmoja aliyeacha kula. Chuo chenye mia mbili kinahitaji mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo na muda wa kuifanya. Lakini udogo haufanyi kazi wenyewe. Chuo chetu kilikuwa kidogo, mkuu wa chuo alimjua mwenzangu kwa jina, mimi nililala naye chumba kimoja, na bado aliondoka bila mtu kumuuliza. Kila mmoja alidhani mwingine ndiye mwenye kazi ya kuuliza.

Kabla ya kulipa ada

Kwa hiyo, mama yangu wa bahasha, haya ndiyo maswali ambayo ningependa tungeyauliza pale chini ya mwarobaini. Piga simu chuoni, au nenda ukayaulize ana kwa ana.

Kwanza, mlezi wa wanafunzi ni nani? Taka jina na namba ya simu. Wakikuambia "ofisi itashughulikia", uliza tena. Kama mlezi ni mkufunzi mwenye vipindi vya kujaza wiki nzima, ujue malezi yatapata saa za mabaki.

Pili, bweni lina nafasi ngapi, na wasiopata wanasaidiwaje? Chuo kinachowajali wanaopanga nje huwa na orodha ya wenye nyumba wanaoaminika, na mlezi huwatembelea wanafunzi huko walipo.

Tatu, maji yakikatika siku tatu, chuo kinafanya nini? Tembea mpaka kwenye tanki, uliangalie.

Nne, chakula kinapatikana wapi na kwa utaratibu gani? Kama hakuna bwalo, kaa nusu saa kwa mama ntilie aliye getini. Atakueleza habari za chuo kuliko fomu.

Tano, ada ikichelewa nini kinatokea? Je, mzazi anaweza kuandikiana na chuo makubaliano ya kulipa kidogo kidogo? Je, utaratibu wa kuahirisha masomo unaelezwa kwa wanafunzi wote katika wiki ya kwanza, kwa mdomo, au umebandikwa tu ubaoni?

Nanyi vijana, serikali ya wanafunzi isiishie kwenye sherehe ya kuwakaribisha wapya na bonanza. Inaweza kuweka wawakilishi wa mitaa kwa ajili ya wanaoishi mageto, kila mmoja na watu wake kumi wa kuwaulizia. Sisi Wakatoliki tayari tuna mfano mkononi: jumuiya ndogondogo. Mama wa jumuiya anajua nani hakuonekana Alhamisi, na Ijumaa anapita kubisha hodi. Wanachama wa jumuiya za Kikatoliki vyuoni mnaweza kuanza hata bila ruhusa ya mtu, na msichague wa kumuulizia kwa kuangalia dini yake.

Parokia zinazozungukwa na vyuo zina la kufanya pia. Mwanafunzi aliyepanga chumba kwenye mtaa wa jumuiya fulani ni mwanajumuiya, hata kama kadi yake ya ubatizo iko Kigoma. Aalikwe sala. Akija mara mbili halafu akakosekana, aulizwe.

Yule binti alianza chuo mwezi wa kumi. Kabla sijarudi seminarini nilimpeleka mama yake mpaka ofisi ya mlezi wa wanafunzi, wakafahamiana, wakapeana namba. Ilichukua dakika kumi na tano. Mwenzangu wa Mtumba naye ananuia kuomba upya muhula wa Machi. Ameniomba nimsaidie kujaza fomu, na safari hii tumekubaliana jambo moja: kila Jumapili jioni, siku tunayoruhusiwa simu, nitampigia, na nitamuuliza amekula nini.